Naveen Patnaik: miaka 24 ya mtu asiyeongea

Odisha ni jimbo lililozaliwa kwa sababu ya lugha. Wasemaji wa Kiodia walikuwa wametawanywa na utawala wa Mwingereza, wengine chini ya Bihar, wengine Madras, wengine kwenye Majimbo ya Kati, na kote huko wakawa wachache wanaoendeshwa na makarani wa watu wengine. Wakadai wakusanywe pamoja, wakadai kwa miaka na miaka, hadi tarehe 1 Aprili 1936 wakapata jimbo lao. Ndilo la kwanza India kuundwa kwa msingi wa lugha, na siku hiyo bado inasherehekewa.

Sasa jimbo hilohilo ndilo lililomchagua mara tano mfululizo mtu ambaye Kiodia kilikuwa kinampiga chenga. Naveen Patnaik aliingia madarakani Machi 2000 na kutoka Juni 2024, na muda wote huo hotuba zake ziliandikwa kwa herufi za Kilatini ili aweze kuzisoma. Cheo chake kilikuwa waziri kiongozi, kile ambacho Wazanzibari walikuwa nacho hadi 2010. Ila huku tunazungumzia jimbo la watu karibu milioni 42 kwa sensa ya 2011.

Nina udhaifu wa kupenda kufuatilia wanasiasa wanaodumu, hasa wale wa majimboni ambao magazeti yetu hayawataji kabisa. Wengi ukishawasoma wawili watatu unawajua wote: mdomo mtamu, ngumi nzito, ukoo mkubwa. Huyu amenisumbua kwa sababu hana hata kimoja. Kwetu mwanasiasa asiye na mdomo atafute kazi nyingine. Jukwaani anatakiwa apige vijembe, acheze kidogo na ngoma ya wenyeji, aseme maneno mawili ya kilugha ili wazee wapige makofi. Patnaik alipanda jukwaani na kanzu yake fupi nyeupe, suruali nyeupe na kandambili, akasoma sentensi chache kwenye karatasi, akauliza umati, "Je, mmefurahi?" Umati ukaitikia. Akajibu kwamba naye amefurahi sana, akashuka. Mkutano wa hadhara umekwisha huo.

Aliyekuwa na mdomo ni baba yake. Biju Patnaik alikuwa rubani, mfanyabiashara, mpigania uhuru na mbabe wa siasa, vyote kwa pamoja. Julai 1947, Waholanzi wakiwa wamewabana viongozi wa Indonesia, alirusha ndege hadi Java pamoja na mkewe Gyan, akamtoa Sutan Sjahrir, mmoja wa vigogo wa harakati za uhuru wa nchi hiyo. Aliliongoza jimbo mara mbili, 1961 hadi 1963 na tena 1990 hadi 1995. Watu walimwita Biju Babu, na ukisoma waliomfahamu wanavyomsimulia unaona kabisa kwamba alikuwa mtu wa kujaza chumba peke yake.

Naveen ndiye kitindamimba wake, aliyezaliwa Cuttack tarehe 16 Oktoba 1946. Akasomeshwa Doon School, shule ya watoto wa wakubwa kule Dehradun, kisha chuo mjini Delhi, na baada ya hapo Odisha hakuiona sana. Alikuwa na duka la mavazi ya kisasa katika hoteli ya Oberoi mjini Delhi. Aliandika vitabu vitatu, kimoja kikihusu mimea ya dawa ya India, na kingine kilihaririwa na Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa rais wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa mhariri wa vitabu New York. Dada yake Gita Mehta alikuwa mwandishi mwenye jina, ameolewa na mchapishaji Sonny Mehta. Hao ndio waliokuwa watu wake: wasanii, wachapishaji, wazungu wa karamu za usiku. Hadi anafikisha miaka 50 hakuwa amegombea hata ujumbe wa mtaa.

Biju alifariki tarehe 17 Aprili 1997 na kiti chake cha Aska kwenye bunge la taifa kikabaki wazi. Kaka mkubwa, Prem, alikuwa kwenye biashara zake; Gita kwenye uandishi. Akabaki huyu mdogo. Akashinda uchaguzi mdogo, na mwezi Desemba mwaka huohuo wazee waliokuwa wafuasi wa baba yake wakaanzisha chama na kukipa jina la marehemu: Biju Janata Dal, BJD. Walimweka mtoto mbele kwa sababu ya jina. Hesabu ilikuwa nyepesi: kijana wa mjini, lugha hajui, vijiji havijui, atatundikwa ukutani kama picha ya marehemu, na kazi itafanywa na wenyewe.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niache kumwona kama mtu mpole.

Bijoy Mohapatra alikuwa mmoja wa hao wazee, aliyekuwa waziri wa Biju, mwenye jimbo lake la uchaguzi la Patkura na wafuasi waliomtii. Kuelekea uchaguzi wa jimbo wa mwaka 2000 ndiye aliyeongoza kamati ya chama ya kugawa tiketi. Alikuwa amewapitisha wengine, na ya kwake ilikuwa mfukoni. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, saa za mwisho kabisa, taarifa ikaja kwamba mgombea wa Patkura amebadilishwa. Tiketi imehamia kwa mtu mwingine. Muda ulikuwa umebanwa kiasi kwamba hakuwahi hata kurudisha fomu kama mgombea binafsi. Mtu aliyekuwa akigawa tiketi za wenzake akabaki nje ya uchaguzi wote, na hakurudi tena kwenye kilele cha siasa za Odisha. Patnaik hakupiga kelele, hakumtukana, hakuitisha mkutano wa kujieleza.

Waliobaki walielewa. Kila baada ya miaka michache kigogo mwingine wa chama alijikuta nje, kwa kashfa au kwa barua fupi tu, na mara nyingi mwenyewe akawa wa mwisho kujua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huko Bhubaneswar, makao makuu ya jimbo, mawaziri walijifunza kuogopa kimya.

Aliapishwa tarehe 5 Machi 2000, siku ya kuzaliwa ya baba yake, akiwa kwenye muungano na BJP, chama cha wazalendo wa Kihindu. Jimbo alilolipokea lilikuwa na maiti zilizozikwa miezi michache tu. Tarehe 29 Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kilikuwa kimetua pwani karibu na Paradip kwa upepo wa kilomita 260 kwa saa, bahari ikaingia nchi kavu na kufuta vijiji vya Ersama. Waliokufa kwa hesabu ya serikali ni karibu 10,000. Serikali ya chama cha Congress ilijikanyaga, waziri kiongozi akajiuzulu, na uchaguzi uliofuata ulikuwa hukumu.

Hapa ndipo nampa Patnaik heshima yake yote, ingawa mamlaka ya maafa ya jimbo iliundwa mwishoni mwa 1999, kabla yake. Kuunda ofisi ni rahisi. Kuna nchi zina ofisi za maafa zenye bango zuri na gari moja bovu. Serikali yake iliifanya ifanye kazi mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ambayo hakuna kimbunga na hakuna mpiga kura anayekumbuka. Wakajenga mamia ya majengo ya kujihifadhi, yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo siku za kawaida watoto wanasomea humo. Vijiji vikawa na kamati, kila mtu na kazi yake: huyu wa kipaza sauti, huyu wa wazee na wajawazito, huyu wa kuokoa. Wakafanya mazoezi.

Oktoba 2013 kikaja kimbunga Phailin, kikali, kikatua Gopalpur. Watu karibu milioni moja walikuwa wamehamishwa kabla. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Mei 2019 kikaja Fani karibu na Puri, wakahamishwa milioni 1.2, vifo vikawa sitini na kitu. Fikiria kazi ya kumtoa bibi kizee kwenye nyumba yake, amwache ng'ombe wake, apande basi wakati mbingu bado haijachafuka vizuri. Anayemwambia aondoke lazima awe mtu anayemwamini, na imani hiyo haijengwi kwa wiki moja. Pwani nyingi duniani, zikiwemo zenye hela kuliko Odisha, hazijafika hapo.

Mambo mengine yaliyomweka madarakani yanafahamika. Mchele wa ruzuku ulishuka hadi rupia mbili kwa kilo mwaka 2008, kisha rupia moja mwaka 2013, katika jimbo ambalo wilaya yake ya Kalahandi ilikuwa jina la njaa India nzima miaka ya 1980. Na kulikuwa na vikundi vya akina mama. Machi 2001 alizindua mpango wa Mission Shakti, ambao kwa msomaji wa Dar naweza kuueleza haraka: ni vikoba, ila serikali imeingia kwa miguu miwili, inatoa mikopo nafuu na kuvipa vikundi kazi kama kupika chakula cha wanafunzi. Mwishoni serikali ilikuwa ikitaja wanachama milioni 7. Mwaka 2019 alitoa theluthi ya nafasi za kugombea bunge la taifa kwa wanawake, na kiti cha Aska, kilekile alichoanzia yeye, akampa Pramila Bisoi, mama wa makamo ya bibi kutoka kwenye kikundi cha kijijini, aliyeishia madarasa ya chini ya shule ya msingi. Akashinda kwa zaidi ya kura 200,000. Mama huyu anaongea Kiodia tu. Kwa hiyo Aska ilianza na mbunge asiyejua lugha ya wapiga kura, ikaishia na asiyejua lugha nyingine yoyote, na wote wawili walitoka kwenye chama kimoja.

Nisiandike kama mpambe. Odisha imekalia chuma, makaa ya mawe na boksiti, na chini ya serikali hii wenyeji wa asili, wanaoitwa Waadivasi, waliambiwa wapishe. Tarehe 2 Januari 2006 huko Kalinganagar polisi waliwafyatulia risasi waliopinga ujenzi wa kiwanda cha chuma, na zaidi ya watu 10 wakafa. Kwenye milima ya Niyamgiri, jamii ya Dongria Kondh inauchukulia mlima kuwa ni mungu wao. Kampuni ya Vedanta iliutaka kwa ajili ya boksiti, na serikali ya Patnaik ilisimama na kampuni. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India ikasema wenyeji waulizwe. Ikaitishwa mikutano ya vijiji 12. Vyote 12 vikakataa. Kwangu mimi hiyo ni moja ya kura tamu zaidi kuwahi kupigwa India, na ilipigwa dhidi yake.

Na Agosti 2016 mwanamume mmoja maskini wa Kalahandi alifiwa na mkewe hospitalini, akakosa gari la kubebea maiti, akamfunga mwili kwa shuka, akamweka begani na kutembea nao kilomita kama 10, binti yake akilia pembeni, hadi waandishi wa habari walipowakuta barabarani. Wakati huo Patnaik alikuwa kwenye mwaka wa 17 madarakani. Mchele wa rupia moja haujibu hilo.

Aliachana na BJP Machi 2009, baada ya machafuko ya Kandhamal ya 2008 ambapo Wakristo waliuawa na maelfu wakakimbilia kambini. Alisema kila mfupa mwilini mwake haubagui dini. Akaenda uchaguzi peke yake, akashinda. Mwaka 2014, upepo wa Narendra Modi wa BJP, aliyekuwa akielekea kuwa waziri mkuu, ukivuma India nzima, Odisha alichukua viti 117 kati ya 147 vya bunge la jimbo na viti 20 kati ya 21 vya bunge la taifa. Lakini huko Delhi wabunge wake waliendelea kuisaidia serikali ya Modi ilipobanwa, na mimi naona mifupa ile ilikuwa na masharti.

Turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo kila kitu kilipofungwa na kufunguliwa. Kiongozi asiyeongea na watu wake lazima awe na mtu wa kumsemea na kumsikilizia. Wa kwanza alikuwa Pyari Mohan Mohapatra, ofisa mstaafu aliyewahi kuwa katibu wa Biju mwenyewe. Kwa miaka zaidi ya kumi, ukitaka jambo Odisha ulimwona Pyari Babu. Mwishoni mwa Mei 2012 Patnaik alisafiri kwenda London, safari yake ya kwanza nje ya nchi tangu ashike madaraka. Huku nyuma, wabunge wakaanza kumiminika nyumbani kwa Pyari. Ilionekana mapinduzi ya ndani ya chama yameiva. Patnaik akakatisha safari, akarudi, wabunge wakarudi kwenye mstari, Pyari akafukuzwa.

Mwingine angejifunza kutokuwa na Pyari tena. Yeye tayari alikuwa na wa pili. V. K. Pandian, mzaliwa wa Tamil Nadu, ofisa wa utumishi wa umma aliyeoa Odisha na kukisema Kiodia vizuri kuliko bosi wake, aliingia ofisi ya waziri kiongozi mwaka 2011 kama katibu binafsi. Taratibu akawa mlango. Mawaziri walimsubiri yeye. Mwaka 2023 alizunguka jimbo zima kwa helikopta akipokea kero za wananchi, akiwa bado mtumishi wa umma. Oktoba akaacha kazi serikalini, kesho yake akapewa cheo cha hadhi ya waziri, Novemba akajiunga na chama.

BJP hawakuhitaji sera nyingine. Kampeni yao ya 2024 ilikuwa heshima ya Waodia: jimbo lililoundwa kwa ajili ya lugha yake limekabidhiwa mgeni. Kulikuwa pia na suala la hazina ya hekalu la Jagannath huko Puri, lenye vito ambavyo mara ya mwisho vilihesabiwa 1978, na mwaka 2018 ikajulikana kwamba funguo hazionekani. Modi akasimama jukwaani akasema watu wanadai funguo zimeenda Tamil Nadu. Tusi zito, na halikuwa la haki hata kidogo kwa Pandian, lakini likaingia. Kisha ikasambaa video: Patnaik anahutubia, mkono wake unatetemeka kwenye meza, Pandian anausogeza taratibu usionekane. Sekunde chache tu. Mzee wa miaka 77, na pembeni yake yule anayeamua kipi tuone.

Matokeo yakatoka Juni 4. BJP viti 78, BJD 51, na bunge la taifa BJD hakupata hata kimoja. Kwa kura za bunge la jimbo, BJD ilipata asilimia 40.22 na BJP 40.07, yaani aliyeshindwa alipigiwa kura nyingi kidogo kuliko aliyeshinda. Mfumo huu wa Mwingereza tunaujua. Yeye binafsi aligombea sehemu mbili: Hinjili akaponea kwa kura 4,636, na Kantabanji, eneo maskini ambako vijana huenda majimbo mengine kufyatua matofali, akaangushwa kwa kura zaidi ya 16,000 na Laxman Bag, mtu aliyewahi kufanya vibarua. Angebaki madarakani hadi Agosti angempita Pawan Chamling wa Sikkim na kuwa waziri kiongozi aliyekaa muda mrefu kuliko wote India.

Alivyoshindwa ndivyo nilivyompenda zaidi. Hakulia kura zimeibwa. Tarehe 12 Juni alikwenda kukaa jukwaani wakati Mohan Charan Majhi, Muadivasi aliyeanza siasa kama mwenyekiti wa kijiji, anaapishwa kuchukua nafasi yake. Serikali mpya ikagundua kwamba haina nyumba ya waziri kiongozi, kwa sababu miaka 24 Patnaik aliishi Naveen Niwas, nyumba ya familia. Siku ya kiapo cha wabunge, Laxman Bag alimsalimu na kujitambulisha. Patnaik akasimama, akatabasamu: "Oo, wewe ndiye uliyenishinda!"

Pandian alitangaza kuacha siasa siku chache baada ya matokeo, na Patnaik akasema hakuwahi kuwa mrithi wake, mrithi ataamuliwa na wananchi. Hana mke wala mtoto, na sioni hata mmoja chamani aliyeachiwa kukua hadi akafikia kimo cha kurithi. Waliokuwa na kimo hicho walipelekwa njia ya Patkura.

Aprili 2025 muswada wa mali za wakfu za Waislamu ulipofika bunge la juu, chama kilikuwa kimeshasema kitaupinga. Saa chache kabla ya kura, wabunge wa BJD wakaambiwa kila mmoja apige anavyoona. Bhubaneswar kukachafuka. Viongozi waandamizi wakataka kujua nani aliyeamua, na jina la Pandian likarudi midomoni. Tarehe 19 mwezi huohuo chama kikachagua mwenyekiti. Fomu ilirudishwa moja tu, ya Naveen Patnaik, kwa mara ya tisa.